Mkeka wa Bangwe

Miaka ile ya wakimbizi nilifika kijiji cha Bangwe, jirani na Ujiji, kuandika habari za mama mmoja mfinyanzi kutoka Burundi. Vyungu vyake alikuwa akivichoma alfajiri, hivyo nilihitaji kulala karibu. Mama akanifagilia chumba na kunitandikia mkeka mpya.

Mkalimani wangu, mkimbizi wa Burundi vilevile, akanivuta pembeni. "Kaka, nenda gesti Ujiji. Ukilala kwa wafinyanzi, kwetu hakuna atakayekupa hata kikombe cha maji. Burundi wafinyanzi ni watu wa kutengwa tangu kale, sisi hatuli nao."

"Mbona maji yako unayapoza kwenye mtungi wake?"

"Mtungi niliununua. Yeye sikumnunua."

Nilikuwa nawahitaji Warundi wengine pia, wanisimulie walivyovuka mpaka, nikaogopa kufungiwa milango. Nikamwambia mama kwamba kifua changu hakivumilii moshi.

"Kifua gani, mwanangu?" aliuliza bila hasira. "Si umekuja kutazama moto?"

Akaukunja mkeka, nami nikabeba begi langu.

Kwa wenzake mkalimani nilikaribishwa chai kila nyumba. Kwa mama nilifika kesho yake jua limepanda, vyungu vimeshapoa. Nikaandika habari za moto ambao sikuuona.