Gari Langu Likipita, Mama Mukwe Anageukia Mihogo

"Kupanda gari moja ni mambo ya wazungu. Kwetu mutu hapandi na kila mutu." Maneno haya aliyaandika mhasibu wa chuo chetu kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, akinilenga mimi. Nilimjibu palepale. Nilimuuliza: kutoka Nchelenge kwenda kisiwani Kilwa, kila mutu anavuka na mashua yake? Gari la samaki la kwenda Mansa linabeba mutu mmoja? Sisi tulibanana tangu zamani, hakuna muzungu aliyetufundisha! Watu walicheka, nikajiona mshindi. Hoja yake bado naiita mbovu. Lakini haikuwa hoja. Ilikuwa onyo, nami sikulisikia. Admin, ficha jina langu.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na nane, mwalimu wa chuo hapa kando ya ziwa Mweru. Wazazi wangu walitoka Kongo, upande wa Pweto. Muke wangu ni wa hapahapa, kwao wanasema Kibemba. Nimesoma vitabu vingi na napenda kubishana, hilo sifichi.

Tulikuwa na basi la wafanyakazi, kuukuu, lenye moshi mweusi mpaka wanafunzi wanaziba pua. Ni mimi niliyelipiga vita hadi likaondolewa. Badala yake nikaleta mpango wa magari: wanaokaa njia moja wapande gari moja. Gari lililojaa linaegeshwa ndani, chini ya paa la mabati. Anayekuja peke yake anaacha lake nje, kwenye jua na vumbi. Nikawafundisha pia kuendesha kwa upole, wasikanyage mafuta kwa hasira, wazime injini wakisubiri. Wakanifanya mwenyekiti wa kamati ya usafiri.

Sasa sikieni. Mama mukwe wangu anapika jikoni mwa chuo hichohicho, na anakaa njia yangu. Ndani ya basi yeye alikaa mbele kabisa, mimi nyuma kabisa, na hakuna aliyeuliza. Mpango ulipoanza, kamati ikamuweka ndani ya gari langu.

Wa pande hizi mnajua. Mwanaume na mama wa muke wake hawashikani mikono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anampisha mwenzake. Heshima hiyo ina siku yake ya kufunguliwa: ukoo wa muke unampikia mukwe, unamuingiza nyumbani rasmi, na tangu hapo anakaa na mama yule kama mutoto wake. Walipotaka kunifanyia mimi, nilikataa. Niliwaambia wajomba wa muke wangu, "Sina muda wa kupigiwa ngoma na kulishwa kama mutoto." Sufuria zilikuwa tayari motoni. Chakula kililiwa na majirani.

Kwa hiyo mama hakupanda. Anatembea. Na kwa sababu naendesha polepole kuokoa mafuta, namuona kwa muda mrefu: kitenge chake, ndala zake, lile goti bovu. Akisikia gari langu anatoka barabarani, anaingia kwenye majani, anageuza mugongo na kutazama mihogo mpaka tupite. Ile ni heshima. Lakini ninaopanda nao ni wageni kutoka Lusaka na Kitwe, hata hawajui kwamba ni mama wa muke wangu.

"Yule mama ana kiburi," alisema siku moja mwalimu kijana wa hesabu. "Kiti kiko, yeye anatupa mugongo."

"Pengine amechoka na manukato yako," mama wa maktaba akamjibu, na gari zima likacheka.

Nilicheka pia. Ndugu zangu, nilicheka.

Nyumbani nilijitetea kwa muke wangu kwa hoja ileile ya mashua ya Kilwa. Akanijibu: "Baba Chanda, mashua ina mbele na ina nyuma. Mama anakaa mbele anatazama maji, mukwe anakaa nyuma na kasia. Kagari kako kana nini? Magoti kugusana tu." Akaongeza, "Umeoa kwetu, umezaa kwetu. Chakula chetu tu ndicho kilikushinda."

Najua mtasema nimuhamishie gari lingine. Njia yetu haina gari lingine. Nilitaka kumkodia baiskeli ya kumbeba, akatuma jibu: "Mukwe asijisumbue." Nikasema basi, nitaacha gari nyumbani nitembee mimi. Muke wangu akacheka kwa uchungu: "Mutatembea barabara moja, na yeye atashinda ndani ya majani!"

Sasa mama anachelewa, na chai ya wanafunzi inachelewa naye. Mkubwa wa jikoni alimuuliza mbele ya watu kwa nini anakataa gari. Akajibu, "Mi napenda kutembea, bwana." Hakunitaja. Anabeba aibu yangu kwa miguu, wakati gari langu linapumzika kivulini.

Jumatatu ataitwa mbele ya kamati ya usafiri aeleze. Asipokuwa na sababu, anaweza kuachishwa kazi. Na mwenyekiti ni mimi! Atasimama mbele yangu, atageukia ukuta kwa heshima, nao watasema: mnaona kiburi chake?

Njia naijua. Niende kwa wajomba niombe chakula nilichokidharau, kisha niseme ukweli mbele ya kamati, mhasibu akiwa amekaa pale. Mdomo uliomshinda kila mutu unashindwa kusema hilo.

Nishaurini. Lakini ninyi vijana wa "achana na mila", leo nyamazeni, hayo niliyaandika mimi kabla yenu. Nawataka ninyi, mama wakwe wa Kashikishi, wa Kilwa, wa Mwansabombwe, na ninyi wa Pweto ng'ambo: mukwe aliyewaacha na sufuria motoni, akirudi na mvi kuomba chakula kilekile, mtawasha moto tena? Nijibuni ninyi wenyewe, na mnijibu kabla ya Jumatatu.