Chupa ya uzazi ilipasuka saa tatu asubuhi, file ikasomwa 3 p.m.

Wakuu, habari zenu. Mimi ni wa Makueni, pande za Kathonzweni. Hii siongezi chumvi, hata nguvu ya kuongeza sina.

Mimba ya kwanza, wiki thelathini na tisa. Nilikuwa napepeta ndengu nikasikia maji inashuka miguuni. Si mkojo. Uchungu, zii, hakuna.

Saa tatu asubuhi.

Dispensary ya karibu ilikuwa imefungwa. Hadi tupate boda, mimi na mama ya bwanangu tulifika hospitali saa kumi jioni.

Nurse akauliza, "Maji imetoka saa ngapi?"

"Saa tatu."

Akaandika 3. Hiyo tu.

Daktari alinieleza vizuri, sitamsingizia. Niwekewe drip ya kuanzisha uchungu, ama tungoje ujilete, lakini masaa ishirini na nne ikiisha, lazima drip.

Mathee, huyo mama ya bwanangu, akadakia, "Drip? Uchungu ya drip ni ya kuua mtu! Mimi nimezaa saba bila waya."

Nikacheka. Nikasema tungoje. Hapo ni mimi, nimekubali.

Kesho yake saa tatu asubuhi nikaambia nurse mwingine masaa imeisha. Akafungua file, akaona hiyo 3 na kwamba nilifika jioni.

"Mummy, wewe ulitoa maji three p.m. Bado masaa sita."

Nikamwambia ni saa tatu ya asubuhi.

"Kwani nani aliandika hapa, wewe ama sisi? Tulia. First time mums mko na haraka sana."

Nimemaliza form four. Kuhesabu masaa najua!

Saa saba mchana nikaanza kutetemeka. Homa. Maji ikawa inanuka. Ndio sasa wakakimbia, drip, dawa, kelele.

Alizaliwa jioni. Msichana. Alilia kidogo tu. Infection ilikuwa imeingia kwa damu.

Aliishi siku mbili. Tulimwita Mwende.

Daktari alisema hawezi kuapa kwamba ni hayo masaa sita. Sawa. Lakini yalikuwa yangu, na mtu alishindwa kuandika neno moja, asubuhi.

Sisemi kungoja ni vibaya. Wengine mlingoja na watoto wako sawa. Lakini ukiulizwa saa, sema asubuhi ama jioni, na uangalie ikiandikwa. Wakikuambia bado, piga kelele. Mimi nilitulia.

Nurses mlio humu, nijibuni: mgonjwa akisema saa tatu, nyinyi huandika nini?

Na wenye mlingoja mkabeba mtoto nyumbani, semeni pia, sitakasirika. Mimi maziwa bado inatoka.