Sindano Moja kwa Mkeka wa Mtandaoni

Mwaka ule mchele ulitukimbia, tukala ming'oko, ile mizizi ya porini, asubuhi, tukafuturu ming'oko, na Idi tukaiunga nazi tukajifanya ni pilau. Ndio mwaka mjukuu wangu alipofungua tovuti ya mikeka.

Mimi shule niliipita mlangoni tu. Lakini mkeka naujua, na mji mzima wa Masoko unajua kwamba naujua. Anayebisha aje akae juu ya wangu. Huyo mjukuu, mke mwenzangu, alinikalisha barazani asubuhi nzima nimweleze kila nakshi: ipi ya bibi harusi, ipi ya msibani, ipi ya kumkalishia mgeni usiyempenda. Nikasema, akaandika. Kina mama wa kikundi chetu walikubali mikeka yao iwekwe humo, na wangekuja Ijumaa baada ya swala kutazama. Wasiporidhika, mikeka inarudi kwa yule mchuuzi anayetupangia bei kama katusukia yeye.

Tovuti hakuitengeneza peke yake. Alikuwa na mwenzake waliyesoma pamoja, kijana wa Rondo anayekaa Lindi mjini. Mafaili yao waliyaweka mtandaoni, kila mmoja anayafungua kwake. Sasa Alhamisi nikamkuta mjukuu wangu kaiinamia kompyuta kama aliyefiwa.

"Maneno yako yamefutika, Bibi."

"Kayafuta nani?"

"Mwenzangu. Alichukua faili akapange picha kwake. Na mimi huku nikaandika maneno yako kwenye faili hilohilo. Leo karudisha la kwake, limefunika la kwangu."

Nikacheka. "Mmesoma mpaka mmepitiliza. Mkeka mmoja mnaushona kwa sindano mbili?"

Maana kwetu, wanawake wawili wakishirikiana mkeka, kila mtu anasuka ukili wake, ule utepe mrefu, kwake, hata akiwa jikoni. Lakini siku ya kuziunga hizo kili ziwe mkeka, sindano ni moja. Mwenye sindano anashona, mwenzake anatafuna tambuu na kusengenya watu. Akichoka, anamkabidhi mkononi. Haiwekwi chini.

Alasiri kijana akateremka kwenye basi la Lindi, na mzigo wa ming'oko, kana kwamba tuliikosa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekuja kufuta na nini tena?"

Akatazama miguu yake. "Nimekuja kukuomba utueleze upya, tuandike."

"Neno langu silirudii. Anayelitaka akalitafute alikoliweka."

"Bibi, kesho Ijumaa," mjukuu wangu akasema.

"Ijumaa naijua, nimeanza kuiona kabla yako."

Nikaingia jikoni kuchemsha hiyo ming'oko, nikawaambia kwanza wakubaliane nani mwenye sindano. Haijaiva, nikasikia wanacheka. Kumbe huko mtandaoni faili halifi mara moja, nakala zake za nyuma zinatunzwa, kila moja jinsi mtu alivyoiacha. Wakaifukua ile yenye maneno yangu. Mjukuu akashika sindano, akayarudisha, ndipo akampa mwenzake aweke picha. Tangu siku ile anayetaka kuligusa faili humwandikia mwenzake kwanza: sindano iko kwangu. Na wanagombana vilevile, "Toa sindano, umelala nayo." Angalau wanagombana kama wasukaji.

Ijumaa kina mama wakaja, wakatazama, wakasomewa. Mmoja akanuna kwamba mkeka wangu umetangulia wa kwake. Nikamwambia ndivyo ulivyo hata sakafuni. Mikeka ikabaki kwetu, mchuuzi akakosa.

Kijana naye akajiona keshakuwa wa nyumbani. Akanisogezea simu mdomoni mbele ya wenzangu wote. "Bibi, imebaki sauti yako tu tuiweke kwenye tovuti. Tueleze tena kama siku ile."

Wote wakanigeukia. Nikajifunga kanga vizuri.

"Neno langu silirudii. Anayelitaka akalitafute alikoliweka."