Plastiki Kwenye Dirisha la Bibi

Swali lililoninyima usingizi tangu nirudi Kasongo lilikuwa dogo kiasi cha kuaibisha: niibandue plastiki ya dirisha la bibi, au niiache? Cheka tu, rafiki yangu. Nimesoma hadi chuo kikuu kule Kindu, sasa nangoja kazi, na akili yote ile imeishia kwenye dirisha. Lakini ungelala chumbani mwa bibi, kichwa kikielekea dirisha lile, nawe ungewaza. Lilinuka.

Sisemi harufu ya nyumba kongwe. Lilinuka kama chupa ya mawese iliyosahauliwa juani. Ile njia ya chini, ambamo vioo vinatakiwa kuteleza, ilijaa ujiuji mweusi uliochanganyika na mabawa ya kumbikumbi, miguu ya mende, mavi ya mijusi na nywele zetu wenyewe. Fundi aliyeliweka aliziba kwa simenti vitundu vya kutolea maji, kwa hiyo mvua ikinyesha maji yanatuama humo, na baadaye unaona viluwiluwi vya mbu vinacheza. Asubuhi moja nilijaribu kusukuma kioo. Hakikusogea, ila bawa la mende lililolowa liliruka likatua ndani ya chai yangu. Hadi leo kikombe kile sikinywei.

Na bibi alikuwa anakohoa. Chumba hakikupata upepo hata kidogo. Alikohoa akiwa amelala, akiwa ameketi, akiwa katikati ya sala.

Nilipokuwa mtoto haikuwa hivi. Dirisha hilo lilikuwa la mbao nzito, mabawa mawili, na mlango wa mbele ulikuwa ndugu yake. Kila Alhamisi alasiri, ili Ijumaa ikute nyumba safi, bibi alituita sote uani. Tuliosha mbao kwa maji na majivu, tukazisugua kwa makumbi ya nazi, kisha tukaziacha zikauke huku jirani akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, na kinu chake kikitupa mwendo wa kusugulia. Mwishoni bibi alichovya unyoya wa kuku ndani ya mawese akapaka bawaba, moja baada ya nyingine, na mlango uliokuwa ukilia kama mbuzi ukanyamaza. "Mlango unaolia una njaa," alikuwa akisema. Nyumba nzima ilinukia mbao mbichi, mafuta na wali. Nikifumba macho bado naisikia harufu ile, ndiyo maana hii ya sasa inanichukiza mara mbili.

Dirisha la alumini alilileta baba mdogo, kitindamimba wa bibi. Wakati huo alikuwa akinunua karanga na mpunga huko Wamaza na biashara ilikuwa imemkubali. Vioo vilifika Kabambare kwa lori, kisha vikaletwa kwetu kwa pikipiki, vimefungwa katikati ya magodoro kama wagonjwa. Watu wa mtaa walitoka kutazama. Fundi aling'oa mbao zetu siku ileile, na kufikia jioni zilikuwa zimekwisha kuwa kuni. Tulipika nazo. Sikumbuki kama wali ule ulikuwa mtamu.

Fremu zilikuja zimevaa plastiki ya samawati, ile ya kuzikinga zisikwaruzwe njiani. Kwingine, nasikia, watu huibandua fundi akimaliza tu. Kwetu plastiki ndiyo ushahidi kwamba kitu ni kipya, na tena kuna desturi: aliyeleta mlango au dirisha ndiye anayelivua plastiki na kulifungua, kwa dua na sinia la wali. Baba mdogo alikuwa anasafiri kwenda Lubumbashi. Alisimama barazani akatunyooshea kidole watoto wote.

"Musiguse hii plastiki! Nitarudi kuitoa mimi mwenyewe. Mutu akiitoa, nitamuvalisha yeye."

Tulicheka sana. Hajarudi. Kila Idi anapiga simu, anasema, "Nakuja, mama," na bibi anajibu, "Plastiki yako iko, mwanangu."

Iko kweli. Jua limeipika ikawa njano, ikapasuka vipandevipande kama ngozi ya mgonjwa wa surua. Chini yake sisimizi wamejenga, wamezaa, wamezika. Ukiigusa inabaki kidoleni, na gundi yake imeshika kioo kisisogee. Na kila Alhamisi, kwa miaka yote hiyo, bibi aliendelea kuchovya unyoya ndani ya mawese na kulilisha dirisha lake jipya. Alumini haili mawese. Mawese yaliganda, yakashika vumbi, vumbi likaita mende. Jirani naye, aliyeweka alumini baada yetu kwa wivu, alizisugua fremu zake kwa mchanga na majivu jinsi anavyosugua sufuria, na leo nyumba yake inatazama barabara kwa macho ya chungu kilichoungua. Mtaa mzima umevaa alumini na hakuna aliyetuambia inavyotunzwa. Na mimi kilichonikera kuliko mende wote ni ile simu ya Idi, sauti nene ya mtu aliye mbali, anayeahidi kitu ambacho harufu yake haimfikii.

Sasa unaona shida yangu ilikuwa wapi. Uchafu ungeondoka kwa maji na sabuni. Lakini nikiibandua plastiki ile, si nitakuwa nimemwambia bibi kwamba mwanawe harudi? Na nikiiacha, si kikohozi kitammaliza humo ndani akimngoja? Nilipanga maneno, nikayapangua. Nilifikiria kumpigia baba mdogo aniruhusu, nikawaza kwamba akisema anakuja nitarudi palepale. Nilifikiria kubandua bibi akiwa sokoni, nikaona huo ni wizi.

Alhamisi moja, baada ya sala ya alasiri, bibi akatoka na unyoya wake na kibakuli cha mawese. Akakohoa mpaka mawese yakamwagika mkononi. Nikakichukua kibakuli, nikakiweka chini.

"Bibi, leo natoa plastiki."

Alijifuta mawese mkononi. "Muke mwenzangu," aliniita, kama anavyoniita kwa utani tangu utoto kwa sababu marehemu babu alikuwa mume wetu sote, "baba yako mudogo akikuja, atafungua nini?"

"Atafungua mulango kama wageni wengine. Bibi, unakohoa."

"Wewe na masomo yako," alisema. Lakini hakuondoka. Alivuta kigoda, akaketi kunitazama.

Nilianza. Plastiki haikutoka kwa ukarimu. Nilikwangua kwa ukucha, kwa maji moto, kwa ukingo wa sahani ya plastiki. Sisimizi walinipanda mikononi. Nilizibua vitundu kwa msumari, na maji yaliyotoka yalikuwa na rangi na harufu ambayo sitakuelezea, kwa maana huenda unakula. Nilitapika kidogo nyuma ya jiko, nikarudi. Niliukokota ujiuji kwa mswaki mkuukuu, nikaosha kwa sabuni ya vyombo, nikakausha kwa kitambaa. Fremu ilibaki na madoa. Upya tulioutunza miaka yote haukuwemo humo chini; ulikuwa umeondoka zamani, kama mbao, kama Alhamisi za kinu na kicheko, kama baba mdogo, na sisi tulikuwa tumebaki kulinda ganda.

Nikasukuma kioo. Kiligoma, kikalia, kisha kikateleza hadi mwisho.

Upepo uliingia chumbani. Bibi aliinuka polepole, akaja akasimama karibu nami, akatoa uso wake wote nje. Nilingoja alie. Nilikuwa nimeyatayarisha hata maneno ya kumtuliza.

Alivuta pumzi ndefu, akakunja pua.

"Kumbe jirani," alisema, "huwa anaunguza wali."