Stuli ya Vidole

Stuli ya zamani haitazamwi juu. Juu kuna vanishi na jasho la makalio ya watu. Ipindue. Mimi nimejenga nyumba kwa kupindua stuli, na walionicheka sokoni siku hizi wananiletea zao niwapindulie.

Nazungumzia zile za miaka ya sitini: kikalio cha mviringo, miguu minne myembamba iliyotanuka chini kama ya ndama anayejifunza kusimama. Zilitoka kiwanda kimoja, kwa maelfu. Za kawaida, mguu umepenya kikalio na kichwani umegongewa kabari ili ubane. Lakini mara mojamoja hupita stuli isiyo na kabari. Ubavuni mwa kikalio kimepigiliwa kijiti kinachopenya mguu na kuushika. Hizo wanunuzi wanazigombania. Nikaulizia nani alizitengeneza hivyo, nikaelekezwa kwa Vidole.

Jina hilo walimbandika wenzake wa kiwandani baada ya msumeno wa mashine kumwachia kidole gumba na cha mwisho tu, mkono wa kushoto. Nilimkuta kitandani, mzee wa kukohoa, kwenye chumba cha dirisha moja. Mkewe alikuwa akikunja nguo.

"Wewe ndiye unayenunua makalio?" mama yule akaniuliza.

"Vikalio, mama. Makalio kila mtu abaki na yake."

Vidole alicheka mpaka kikohozi kikamkaba. Mkewe hakucheka.

"Kabari unaishikilia kwa vidole huku nyundo inashuka," Vidole akanieleza. "Mimi ningeishikilia kwa meno? Nikachukua kekee, nikatoboa ubavuni, nikapachika kijiti. Nyapara hata hakushtuka. Nilikwenda hivyo mpaka mama mkwe alipoanguka."

Alikuwa amechukua stuli moja kiwandani akaileta nyumbani. Mama mkwe akapanda kubadili balbu, mguu wa stuli ukamwacha hewani, shingo ikapiga ukingo wa kitanda. Hakuamka tena. Habari zikafika kiwandani, wakakagua, wakaona vijiti, wakamfukuza. Tangu hapo alibeba mizigo, akalinda mageti ya watu, akarudi kila siku kwa mke ambaye hakumwita tena kwa jina.

"Huyu alimuua mama yangu kwa mkono wake mbovu," mkewe akasema, na bado anakunja.

Kisha akainama, akavuta kitu uvunguni, kimefungwa kwa pazia kuukuu. Stuli yenyewe, mguu mmoja nusu.

"Hakuna fundi niliyewahi kumwonyesha. Wote walikuwa rafiki zake. Wewe huna undugu na sisi, mwanangu. Niambie, ni mkono wake au si mkono wake?"

Kikohozi cha mzee kikakatika.

Nikaipindua. Kijiti kilikuwa mahali pake. Nikakishika kile kipande cha mguu kilichobaki, nikakivuta, nikakinyonga kwa nguvu zangu zote. Hakikutikisika. Mbao ilikuwa imekatika chini zaidi, palipokuwa na kifundo cha tawi, kikubwa, kikavu, kimepasuka katikati.

"Kijiti kimeshika mpaka leo, mama," nikasema. "Kilichokatika ni mbao. Si mkono wake."

Nilitegemea mzee afurahi. Alifumba macho.

Hapo ndipo ningetaja bei nikaondoka. Lakini mama alikuwa ameinama juu ya stuli pamoja nami, na macho yake yamefika chini ya kikalio, kwenye mistari miwili iliyokatizana, imechomwa kwa chuma cha moto.

"Na hii alama ni ya nini?"

Niliijua. Ni alama inayopandisha bei maradufu, maana stuli zenye alama hiyo hazikutakiwa kutoka kiwandani. Nikamtazama Vidole.

"Muulize mwenyewe, mama."

Mzee alifumbua macho. "Ya zilizokataliwa," akasema. "Za kuni. Nyapara alikiona hicho kifundo. Mimi nikamwomba anipe, za kuni walikuwa wanagawa bure. Nikamwambia nyumbani kwangu hakuna mtu mzito."

"Mama yangu ulimwambia?" mkewe akauliza.

"Sikumwambia."

"Na mimi?"

"Niliomba kila siku iwe ni kijiti," Vidole akasema. "Mkono ulishaharibika. Niliona bora ulaumiwe huo."

Mama akaliokota pazia, akalikunja, akaliweka juu ya nguo nyingine.

Nilitaja bei. Nilitaja ya chini makusudi ili tubishane, ndivyo kazi ilivyo. Hakubishana. "Ichukue," akasema, na pesa akaziacha pale pale kitandani nilipoziweka. Nikiwa mlangoni nilimsikia mzee akimwita mkewe kwa jina, mara ya kwanza, mara ya pili. Hakuitika.

Mguu sikuubadili. Niliyemuuzia aliniuliza kama stuli ile ina historia. Nikamwambia ina kijiti, ina alama ya moto, na imevunjika kwenye kifundo. Akaipindua, akaridhika, akalipa.