Kiu ya Ng'ombe Mwenye Mimba

Juzi nilikuwa hapa Kilosa kwenye duka la dawa za mifugo, haya maduka ya watu binafsi yaliyoota tangu serikali iache kutugawia dawa. Akaingia mama kijana, jirani yangu, anahema, akamwendea bwana mifugo anayeuza hapo.

"Shikamoo, bwana mifugo."

"Marahaba, mama. Kuna nini?"

"Ng'ombe wangu kalala tangu asubuhi, hataki kuinuka. Ana mimba ya miezi saba."

"Umeacha kumkamua?"

"Nimeacha. Leo siku ya tatu namnyima maji, ili maziwa yakauke."

Bwana mifugo akaweka chini chupa aliyoishika. "Kumpumzisha miezi miwili kabla hajazaa ni vizuri. Punguza pumba, mpe majani makavu. Lakini maji, mama, usimnyime hata siku moja. Huyo ana kiu ya wawili. Nani kakufundisha hivyo?"

Mama akainamisha kichwa, kisha akaninyooshea mdomo kwa adabu. "Baba huyu."

Ni kweli. Nilimfundisha mwenyewe tukitoka kanisani, kwa sauti ya mtu anayejua. Wangu nimewanyima maji miaka mingi, na kwa kuwa hawakufa nikadhani nina elimu. Mimi nikifunga Kwaresima, maji nakunywa.

Nilifuatana naye hadi zizini. Ng'ombe alimaliza ndoo mbili bila kupumua. Ya tatu nilimshikia mimi, na alipoimaliza akainuka, miguu ikitetemeka.

Mungu nimekwisha kumwomba msamaha. Wale ng'ombe wangu wa zamani sijui niwaombe vipi.