Mkao wa Mtoto

Mgongo wangu uliharibikia kwenye cherehani. Nashona sare za shule na magauni ya sherehe kibarazani kwetu, mtaa wa Lizaboni, na shule zikikaribia kufunguliwa huwa siinuki kitini. Mwaka juzi niliamka asubuhi nikashindwa hata kuinama kuvaa kandambili. Hospitali walinipa vidonge, kisha wakanipeleka kwa dada wa mazoezi ya viungo.

Alitandika mkeka, akapiga magoti, akakalia visigino, akainama mpaka paji la uso likagusa chini, mikono kainyoosha mbele.

"Huu ni mkao wa yoga, unaitwa mkao wa mtoto," alisema. "Mtoto mchanga akilala hivi hana mzigo wowote. Na wewe mama, ukiinama, tua yote. Sikiliza tu pumzi inavyoingia mgongoni."

Niliona ni maneno tu. Lakini alfajiri, kabla sijawasha mkaa, nilitandika kitenge sakafuni chumbani nikaanza. Siku za kwanza niliwaza vifungo na wateja wasio na subira. Halafu asubuhi moja nikaisikia pumzi ikitanua mbavu, ikashuka mpaka pale panapouma, nikatokwa na machozi. Sikukumbuka ni lini niliwahi kupiga magoti sakafuni bila tambara la deki mkononi.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa amekuja kukaa nasi kwa muda. Alifungua mlango bila hodi, akanikuta nimeinama. Akaurudisha mlango taratibu.

Jumamosi, kwenye sala ya jumuiya yetu ya kanisa, niliingia nikawakuta wanawake wakinong'ona. Wengine walikuwa wanasema nimesilimu kwa siri, wengine kwamba nasujudia mizimu ya Kihindi ili nipate wateja. Kesho yake mwenyekiti wa jumuiya akaja nyumbani na kichupa cha maji ya baraka, wifi akiwa nyuma yake.

"Mama, tumekuja kukuombea."

"Naumwa mgongo," nikamwambia.

"Mgongo haumfanyi mtu asujudie sanamu."

"Sanamu ipi? Ingieni chumbani mkaitafute."

Waliingia. Walikuta kitanda, kapu la vitambaa na kitenge changu. Mwenyekiti akakinyunyizia maji kitenge.

Watu hao wameniona nimeinama maisha yangu yote. Nimeinama na jembe shambani kwa mama mkwe. Nimeinama nikipiga deki kanisani kila zamu yetu ilipofika. Huyo wifi alipojifungua, mimi ndiye niliyeinama kumkanda na maji ya moto na kumfulia nguo. Hakuna aliyewahi kuuliza namwinamia nani. Nimeinama kidogo kwa ajili yangu mwenyewe, nimekuwa mchawi.

Jioni mume wangu akaniambia, "Achana nayo tu hiyo mikao. Watu wanaongea."

"Mbona hawaongei wewe ukilala kwenye kochi mechi nzima?"

Akaongeza sauti ya televisheni.

Sikuacha. Nilifunga mlango kwa komeo nikaendelea, na polepole maumivu yakapungua, nikaanza kuchota maji mwenyewe bila kushika kiuno. Wifi aliniona kisimani akatabasamu. Nilidhani ameelewa.

Mwezi uliofuata, kwenye sala ya jumuiya, wifi akasimama kutoa ushuhuda. Alisema wifi yake, yaani mimi, alikuwa amefungwa na nguvu za giza, lakini tangu maji ya baraka yalipomwagwa chumbani kwake, mgongo umepona. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama aliyeniponya yeye.

Nikasimama kabla makofi hayajaisha.

"Kilichoniponya kinaitwa mkao wa mtoto," nikasema. "Nimefundishwa hospitali, na nimeufanya kila asubuhi mlipokuwa mnanisema. Anayeumwa mgongo humu ndani, na najua mko wengi, aje kesho kwangu nimwonyeshe."

Mwenyekiti akaanzisha wimbo haraka haraka.

Kesho yake nilikaa kibarazani mpaka mchana. Hakuja mtu.